Suti ya Kuondokea Nchini

Nchi nzima ilikuwa inamchelewesha Fundi Ijumaa! Maneno hayo aliyasema mwenyewe, amekaa nyuma ya cherehani yake, futi ya kupimia imemning'inia shingoni kama nishani.

"Hapa kipaji changu kinaoza," aliwatangazia wateja. "Ng'ambo mtu akisema saa nne, ni saa nne. Mimi damu yangu ni ya huko!"

Wateja walitazamana. Huyu bwana hakuitwa Ijumaa kwa sababu alizaliwa siku hiyo. Aliitwa Ijumaa kwa sababu kila aliyempelekea kitambaa aliambiwa, "Vimebaki vifungo tu. Njoo Ijumaa." Na ukiuliza, "Ijumaa ipi, fundi?" alikupa tabasamu la huruma na kukujibu, "Hii hii." Kuna bibi harusi aliyekuja kuchukua gauni lake akiwa na mtoto mgongoni. Si uzushi! Mtoto mwenyewe alimkojolea fundi alipompokea ili mama ajaribu nguo.

Lakini safari hii haikuwa porojo. Kiwanda kimoja cha nguo huko ng'ambo kilikuwa kinatafuta mafundi, jina lake likapita, na barua ikaja: Jumatatu saa tatu asubuhi afike ubalozini kwa mahojiano ya viza. Fundi aliisoma kwa sauti mbele ya kibanda cha kinyozi, kisha akairudia kwa ajili ya waliochelewa.

Nyumbani, mkewe aliendelea kukunja nguo.

"Mama watoto, husemi kitu?"

"Niseme nini? Umeshatangaza kwamba hapa hakuna cha maana. Mimi na wanao si tuko hapa hapa?"

Fundi alichomwa na maneno hayo. Ukweli ni kwamba aliipenda familia yake kupita kiasi, na wazo la kulala peke yake katika nchi asiyoijua lilimtia hofu. Lakini alikwisha kutamba mno, na kurudi nyuma sasa ingekuwa aibu ya mwaka.

"Nitawaita mje."

"Lini?"

Fundi akashikwa na kikohozi.

Jumamosi asubuhi duka lilijaa watu mpaka barabarani. Fundi alidhani wamekuja kumuaga, akajiandaa hata kudondosha chozi moja la kistaarabu. Kumbe!

"Kitambaa changu!"

"Na changu! Usije ukapaa nacho!"

Mwalimu alikabidhiwa suruali yenye mguu mmoja. Muuguzi alirudishiwa sare yake, mita mbili na nusu, haijaguswa na mkasi. Mzee mmoja alidai koti alilolileta lipunguzwe wakati bado ana nywele kichwani. Walibeba, walisonya, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Fundi, usiende," na hilo lilimuuma kuliko matusi yote.

Ilipofika adhuhuri kabati lilikuwa tupu, isipokuwa kitambaa kimoja chini kabisa: sufu ya buluu iliyoiva, yenye mistari myembamba ya kijivu, laini kama shavu la mtoto. Karatasi ya jina ilikuwa imetafunwa na panya. Fundi akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hana suti ya kwendea ubalozini.

"Hiki kimeachwa kwa ajili yangu," alisema.

"Kitambaa cha watu hicho," mkewe akamwonya.

"Mwenyewe angekuwa anakitaka angekuja."

"Alikuja. Wewe umemwambia Ijumaa mara ngapi?"

Fundi akajitia kiziwi. Akakata, akashona, akapiga pasi, na Jumapili alasiri suti ilikuwa tayari, na vifungo vyake vyote! Kinyozi alifunga kibanda akaja kuishuhudia kwa macho yake. Siku mbili! Mtaa mzima ukagundua kwamba kumbe muda wote huo fundi alikuwa anaweza. Watu wakakasirika upya.

Jumatatu, saa mbili kamili, fundi alikuwa ubalozini. Kwenye kaunta aliketi ofisa mmoja wa hapa hapa nyumbani, mwenye miwani, anayeonekana kuanzia kifuani kwenda juu. Sura yake haikumwambia fundi kitu. Fundi hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Yeye alikumbuka viuno.

"Kwa nini unataka kuihama nchi yako?"

"Mkuu, nimechoka na ahadi hewa. Mimi ni mtu wa muda!"

Ofisa alikuwa anatazama kola. Kisha akatazama mifuko.

"Suti nzuri. Umeishona mwenyewe?"

"Kwa siku mbili tu, mkuu!"

"Siku mbili." Ofisa alivua miwani. "Na kitambaa?"

"Ah, hiki hukipati hapa! Kimetoka ng'ambo."

"Najua. Nilikileta mimi."

Akasimama. Kiuno kikachomoza juu ya kaunta, na fundi akakitambua papo hapo: inchi thelathini na nane, suti ya harusi, mwaka juzi!

"Nilioa nimevaa suti ya kuazima ya shemeji yangu," ofisa alisema taratibu. "Kwenye kila picha mikono ya koti inaishia kwenye viwiko."

"Mkuu, wallahi, ile suti ilikuwa imebaki..."

"Vifungo. Najua. Lete koti."

Fundi akavua koti. Kuhusu suruali, walielewana kwamba ataileta siku nyingine, kwa heshima ya waliokuwa kwenye foleni.

"Na viza yangu, mkuu?"

Ofisa alilikunja koti vizuri, akaichukua fomu ya fundi na kuichomeka chini kabisa ya rundo la karatasi.

"Kila kitu kiko sawa. Umebaki muhuri tu. Njoo Ijumaa."

"Ijumaa... ipi?"

Ofisa akampa tabasamu la huruma. "Hii hii."

Fundi alirudi mtaani na shati lake, akapita mbele ya kinyozi bila salamu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sanduku limefungwa tayari miguuni pake, macho mekundu.

"Haya, baba watoto. Unaondoka lini?"

Fundi akavua viatu.

"Ijumaa," alisema.

Mkewe alimtazama kwanza yeye, halafu mabega yake yasiyo na koti. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalifungua sanduku na kuanza kuyarudisha mashati kabatini.