Malalamiko Kuhusu Buti za Mpira na Mahali Anaposimama Bwana Meneja

Hasamba, Mbozi
12 Juni 1954

Kwa Bwana Meneja,
Kiwanda cha Kahawa

Bwana Meneja mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima na kwa mwandiko wa taratibu, maana jambo lenyewe ni la umeme, nao umeme hautaki haraka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, na ni babu yake Lusubilo, kijana aliyekuwa akiwasha swichi kubwa kiwandani kwako mpaka umeme ulipomtupa ukutani mwezi uliopita. Mkono wake wa kuume hauwezi tena kushika kikombe. Umemwachisha kazi kwa kosa la kutovaa buti za mpira, na Jumatatu mdogo wake, Anyitike, anaanza kazi kwenye swichi ile ile. Sitaki naye arudi nyumbani amebebwa, ndiyo sababu ya barua hii.

1. Kwanza nakushukuru kwa buti ulizowapa wafanyakazi wako. Ni nzuri, nimezishika mwenyewe. Umeme, kama ujuavyo, hupenda kushuka ardhini kwa kupita mwilini mwa mtu, hasa pale kwako ambapo sakafu ya sementi imelowa maji ya kuoshea kahawa. Mpira huufungia njia. Nimewaeleza wajukuu wangu wakaelewa. Hata bibi yao, Enesi, ambaye hajawahi kuwasha taa isiyo na utambi, ameelewa.

2. Lakini mlangoni mwa ofisi yako pana tangazo: Mwafrika avue viatu kabla ya kuonana na Meneja. Halikusema ni ofisini tu. Nyapara wako Kefa, ambaye ni mtu mwangalifu sana, analifuata popote ulipo. Nawe, kwa kuipenda kazi, hufika asubuhi nyingi katika chumba cha injini kutazama swichi ikiwashwa. Hapo Kefa hupaza sauti: "Wee Lusubilo, vua mabuti hayo, Bwana huyo anakuja! Unataka aseme hatukulelewa?" Lusubilo huvua, huzipanga mlangoni, huingia peku kwenye maji, hukuamkia, kisha hushika swichi. Asubuhi za namna hiyo vidole vilimfa ganzi, mpaka ile ya mwisho alipotupwa. Siku ambazo wewe hukufika aliwasha akiwa na buti zake, na hakuguswa hata mara moja.

3. Nimefundisha hesabu muda mrefu, na jibu la hesabu hii sikuweza kulikwepa. Umeme upo kila siku, na watu ni wazima. Maji yapo kila siku, na watu ni wazima. Akiingia Bwana Meneja, mtu anaumia. Kwa hiyo kitu cha hatari katika chumba kile ni wewe. Sisemi kwa ubaya. Hata injini haina ubaya, nayo imezungushiwa wavu.

4. Naomba basi nawe uzungushiwe wavu. Wavu ukifika kifuani unatosha, hautakuzuia kuona. Kile kibao cha fuvu na mifupa kilichobandikwa kwenye swichi kiondolewe, kwa kuwa swichi imesingiziwa, kikuning'inie wewe shingoni kwa kamba ya katani. Tena atangulie mtu mwenye kengele, ili wafanyakazi wapate nafasi ya kutoka nje.

5. Iwapo wavu utachelewa kufika kutoka Mbeya, umeme wenyewe ufundishwe adabu. Kefa auelekeze kwamba Bwana akiingia, nao usimame kando mpaka atoke, kama tufanyavyo sisi sote. Umeme ukikaidi, uachishwe kazi kama alivyoachishwa Lusubilo.

6. Na kama hilo nalo ni gumu, vua viatu vyako pale mlangoni, uingie majini, ushike swichi kwanza wewe. Anyitike atakutazama ajifunze.

Msalimie mama wa nyumbani kwako, na Kefa, na makarani wote. Enesi anakusalimu. Lusubilo anakusalimu kwa mkono wa kushoto, na naomba usimhesabie kuwa amekosa adabu.

Ni mimi, mtii wako,
Fanueli Nzowa

Baada ya sahihi: Nimemsomea Enesi barua hii yote. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, wavu wa nini tena? Si mtoto asivue tu!" Nimetafuta kosa katika maneno yake, sikuliona. Basi uyafute maombi yangu yote. Wavu usiagizwe, na kengele ibaki kanisani. Jumatatu utakapoingia utamwona Anyitike amesimama mbele yako na buti miguuni. Amri hiyo nimeitoa mimi. Ukiona ni utovu wa adabu, usimwite yeye, niite mimi niliyemlea. Nitakuja ofisini kwako siku hiyo hiyo, nami nitaingia na viatu vyangu.