Safa na Marwa Ndani ya Bomba

Ramadhani 8, Jumapili

Inshirah kaenda Umra na dada zake. Nyumba kimya. Kaniachia amri: nimlishe Sultana asubuhi na jioni, bomba la tangi lake nisiliguse. Sultana ni samaki wake wa manjano, wa Bahari ya Shamu, ana miaka tisa na macho ya mkaguzi. Nilimjibu mke wangu sawa. Sawa si kiapo. Mimi ni fundi wa mitambo, miaka thelathini na moja kwenye boti za kuvutia meli, Mfereji wa Suezi. Meli nzima nimezitoa maji tumboni kwa mikono hii! Leo niogope bomba la samaki?

Nimekaa mbele ya kioo cha tangi tangu adhuhuri. Saumu inaleta usingizi mtamu. Maji yanashuka kutoka tangi la juu, yanaingia tangi la chini kabatini, pampu inayarudisha juu. Yanashuka. Yanapanda. Nikasinzia. Nikamwona Inshirah kavaa nyeupe, anatembea kati ya vilima vya Safa na Marwa, na maji yanamfuata nyuma kama paka.

Nimeamka na wazo. Kubwa!

Ramadhani 9, Jumatatu

Bomba la kurudishia maji lilikuwa limenyooka kutoka kwenye pampu hadi tangini. Bomba gani hilo, halina hata adabu. Nimelikata. Jipya linapanda ukutani, linapinda tao, linashuka, linapanda tena, tao la pili, ndipo linaingia tangini. Vilima viwili. Cha kwanza Safa, cha pili Marwa. Yeye kule anakwenda na kurudi, maji yake hapa yanakwenda. Akirudi Jumapili atalia kwa furaha. Mwanamke gani Suezi nzima kafanyiwa hivi?

Nililijaza bomba maji kwa birika kabla ya kufunga kiungo cha mwisho. Nikawasha. Yakazunguka! Mikono hii!

Wadie wa ghorofa ya juu akaleta limau. Wadie ni fundi wa shisha, Mkristo, jirani yangu miaka arobaini, na kwenye dhumna hajawahi kunifunga kihalali. Akautazama ukuta. Akauliza kama nimeanza kufuga ngamia. Akasema hewa itanasa juu ya kila nundu, siku umeme ukikatika maji hayatapita tena. Nikamwambia akapulize shisha zake. Mtu wa moshi anajua nini habari za maji!

Ramadhani 10, Jumanne

Umeme umekatika alasiri, robo saa tu. Uliporudi, pampu inanguruma, maji hayaji. Inanguruma, inanguruma, kama tumbo langu.

Hii ni husuda. Wadie alitazama vilima vyangu bila kusema mashaallah. Nimefukiza ubani ndani ya kabati. Nimetundika ushanga wa bluu kwenye Safa. Pampu nimeisomea, kisha nimeizaba kofi. Wapi!

Dawa naijua. Unanyonya bomba kwa mdomo mpaka maji yafike, kama tulivyofanya na dizeli. Lakini nimefunga! Tone moja likipita kooni, siku imekwenda. Wadie yuko kwenye Kwaresima yake, hali nyama wala samaki, ila maji mchana anakunywa. Angeweza kuninyonyea. Nimwombe mimi? Mimi?

Mzinga wa futari ulipolia sikugusa tende. Moja kwa moja kwenye bomba. Nikanyonya kwa nguvu zote. Futari yangu ya leo: mdomo mzima wa maji ya chumvi, yenye ladha ya Sultana. Lakini yamepita!

Inshirah akapiga simu. Akauliza Sultana anakula. Nikasema anakula kama bwana harusi. Akauliza, Abu Raouf, bomba hujaligusa? Nikasema simu inakwaruza, sisikii, sisikii. Nikakata.

Ramadhani 12, Alhamisi

Umeme umekatika mara tatu tangu juzi. Kila mara maji yanagoma mpaka mzinga ulie, ndipo nafuturu bomba. Midomo imepasuka kwa chumvi. Chai sasa naiona haina ladha.

Sultana anaelea juu kabisa, mdomo nje ya maji. Nilimwambia avumilie, sote tumefunga.

Wadie kasimama mlangoni. Abu Raouf, toboa tundu kwenye nundu hewa itoke, au lirudishe bomba lilivyokuwa. Utaua samaki wa watu. Nikamjibu hewa ni yangu, nundu ni zangu. Akasema kweli, na ya tatu umeivalisha kofia. Akaondoka anacheka mpaka juu. Mlango nimeufunga kwa mguu.

Ramadhani 14, Jumamosi

Umeme ulikatika adhuhuri. Ukarudi. Maji hayakurudi. Inshirah anafika kesho.

Sultana amelala ubavu. Rangi imemtoka, kama gazeti lililoachwa dirishani. Mzinga bado masaa matano. Hawezi kusubiri mzinga.

Nikachukua jagi. Nikachota tangi la chini, nikamimina la juu, kutoka mbali ili maji yapate hewa. Nikainama, nikainuka. Nikainama, nikainuka. Magoti yakalia. Baada ya jagi la mia sikuhesabu tena. Chumba kikawa kijani. Mapovu yakapanda na mimi nikapanda nayo, polepole, bila magoti. Inshirah alikuwa upande wa pili wa kioo, msichana wa miaka kumi na tisa, na lile gauni lake la siku ya kwanza nilipomwona. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anamtafuta Sultana tu, ananyanyua kila jani, anatazama chini yake.

Nikazinduka. Jagi mkononi, kanzu chapachapa.

Nikafungua mlango. Nikasema kwa sauti, nikiitazama ngazi, kwamba hewa ya leo nzito. Sikumwita mtu! Wadie akashuka na bisibisi, utadhani alikuwa kakaa ngazini tangu Jumanne. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Akalegeza kiungo juu ya Safa. Hewa ikatoka, fyuuu, kama shisha inayokata roho. Akalegeza cha Marwa. Fyuuu. Maji yakapita. Kisha akazima pampu, akaling'oa bomba langu lote, akaweka lililonyooka, akalitoboa tundu dogo juu ya pampu ili hewa isinase tena. Mimi nilishika ndoo. Bila ndoo kazi isingefanyika, na liandikwe hilo.

Maji yakazunguka. Sultana akabaki ubavu. Tukakaa sakafuni wazee wawili, tunatazama. Mzinga ukalia. Hatukuinuka. Kisha pezi moja likatikisika. Kisha la pili. Kisha akageuka, taratibu, akatutazama kama mkaguzi.

Wadie akanitia tende mdomoni kwa mkono wake. Akasema fungua kinywa, we ngamia. Nikamwambia ubani wa Jumanne ndio kwanza umeanza kufanya kazi.

Ramadhani 15, Jumapili

Inshirah amefika. Kabla hajanisalimia alikwenda kwenye kioo. Sultana akamjia mbio. Wakaongea yao.

Kisha akatazama ukuta. Matundu ya misumari yamepanda na kushuka, yamepanda na kushuka. Akauliza nini hiki. Nikasema unyevu. Akauliza tangu lini unyevu una nundu mbili. Nikamwambia basi. Ni vilima vyako. Nilitaka ukirudi uvikute nyumbani.

Akanitazama usoni. Nikaona ameshajua yote, hata chumvi midomoni. Akasema wewe juha tangu siku uliyonioa. Kisha akakaa karibu yangu, bega kwa bega, tukasinzia mbele ya maji mpaka mzinga. Akanifuturisha kwa zamzam. Baada ya siku hizi, maji matamu kiasi kile! Nikalia kidogo. Moshi wa jikoni.

Akaanza kusimulia. Magoti yake yamekwisha, anasema. Kati ya Safa na Marwa ni mara saba, Abu Raouf. Mara saba!

Saba! Nilijua, bila shaka. Ila mtu akiwa na njaa husahau. Na mimi maji yale niliyapitisha mara moja tu. Yangekubalije?

Sasa amelala, uchovu wa safari. Mabomba aliyoyang'oa Wadie nimeyaficha chini ya kitanda. Nimepima ukuta kwa mshipi wake. Nundu saba zinaenea vizuri, tukiiondoa picha ya mama yake. Wadie asiambiwe.