Ufunguo wa Kanisa la Ngomeni

Jumapili, 5 Oktoba
Habari njema! Chama cha wapenda historia kutoka Athene kinapanda huku Hora, juu ya kisiwa chetu, wiki hii. Zannis, mwenyekiti wa mji wetu, ametangaza mkahawani kwamba atakayewaongoza vizuri ndiye atakayetunza ufunguo wa kanisa la ngomeni. Kwa sasa unatunzwa na Bi Pelagia, mjane, jirani yangu. Yeye hufungua mlango, huwasha mshumaa, hunyamaza. Hunyamaza! Kuta zilizoona maharamia na watu wa Venisi, na mtu ananyamaza. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote. Ufunguo ni wangu, ila wenyewe hawajajua.

Jumatatu, 6 Oktoba
Zannis kaniuliza wageni waje lini. Jumatano, nikasema, bila kupepesa. Jumatano ni sikukuu ya Mtakatifu Pelagia, somo wa Bi Pelagia. Na kwetu, sikukuu ya somo wako haina mialiko: unakaa nyumbani mlango wazi, na kila apitaye unamtilia kitu kinywani. Atafungwa na sinia lake mwenyewe. Sasa nani atafungua kanisa? Nimecheka peke yangu mpaka paka akatoka nje.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekwenda kumwambia Bi Pelagia, kwa upole, kwamba naihurumia shughuli yake ya kesho. Ufunguo aniachie mimi. Alikuwa jikoni anapika maganda ya machungwa kwa sukari. Hata hakugeuka. Chukua, Mwalimu, akasema, uko msumarini, ila usiwaanike watu wa watu juani, wale si darasa la nne. Akaongeza kwamba kesho nisipokwenda kumpa heri atajua nimemnunia. Wivu huo! Ufunguo ni mzito. Mfukoni unapendeza sana.

Jumatano, 8 Oktoba
Sijui nianzie wapi.
Niliwapokea langoni. Kwanza utangulizi, maana mtu haingii kanisani bila kujua nani aliliweka jiwe la kwanza. Huyo humjui bila kuwajua watu wa Venisi, na hao huwajui bila dola ya kale ya Bizanti. Nikaugeukia ukuta, nikaeleza jiwe kwa jiwe kwa fimbo yangu. Mwanzoni walikohoa. Kisha kikaja kimya kizuri, cha heshima.
Nilipogeuka nilimkuta mzee mmoja tu. Amelala.
Fidla ikasikika kwa Bi Pelagia. Nikaenda kuwadai wageni wangu. Wote wamo uani, vijiko mdomoni, na Zannis katikati anacheza! Mama mmoja wa Athene akanipungia: karibu, Mwalimu, umeshatoka Bizanti? Wakaangua kicheko. Ningefoka, lakini kwa mwenye sikukuu hufoki. Nikampa heri, nikapewa kijiko. Machungwa, kwa bahati mbaya, ni matamu. Nikaongezwa.
Ndipo Bi Pelagia akauliza, na kanisa mmelionaje? Kumbe hakuna aliyeliona. Akaninyooshea kiganja mbele ya kadamnasi. Ningefanyaje? Nikauweka ufunguo. Akamkabidhi mkamwana wake sinia, akawaongoza.
Mkamwana! Nilikuwa sikumfikiria mkamwana.
Walirudi wanatembea polepole, macho yamelegea. Yule mama akasema yeye na mumewe hawajapata kukaa kimya vile tangu waoane.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ufunguo umebaki kwa Bi Pelagia, moja kwa moja. Zannis kaja kunipoza. Mwalimu wangu, kasema, watu walitaka kuona tu, na wewe uliwasimamisha nje ya mlango mpaka jua likawahurumia. Nimemsikiliza kwa subira. Si mtu wa vitabu.
Nimejichunguza bila upendeleo, kama impasavyo msomi, na kosa langu nimeliona. Niliwafupishia. Nilianzia Bizanti, wakakosa msingi. Mtu asiye na msingi lazima akimbilie machungwa.
Mwezi ujao linakuja kundi kutoka mji wa Patra. Nimeshaanza kuandika utangulizi mpya. Unaanza siku kisiwa kilipochomoza baharini.