Mafuta ya Mzazi na Breki ya Kushoto

Jumanne, 3 Februari 1981

Breki ya kushoto imeng'ang'ania tena! Trekta la kijiji limezunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kambani, na plau ikachimba duara katikati ya maharage ya Wilibrodi. Ati nimefanya makusudi! Nani ana muda huo? (Ninao, lakini si leo.)

Mzee Hhando, mwenyekiti wetu, ameamua: Jumamosi nimpakie kanisani nimshushe mteremko hadi ghalani. Nikisimama mlangoni pa ghala, ufunguo wa trekta unabaki kwangu. Nisiposimama, anapewa Wilibrodi. Mimi! Niliyeendesha trekta tangu mashamba ya ngano yangali ya wazungu! Ufunguo huu nimeuvaa shingoni miaka kumi na mmoja. Hata komunyo napokea nao.

Jumatano, 4 Februari

Wilibrodi amekuja kukagua. Nani kamwita? Kozi ya ufundi ya miezi mitatu Arusha, basi kila kitu anajua yeye. Akasema nifungue ngoma ya breki, nisugue kutu yote kwa msasa, nifunge. Kazi ya siku mbili. Akaongeza kwamba nisithubutu kupaka mafuta ndani ya ngoma.

Naam! Na asiyetaka nipake mafuta ni nani? Ni yule yule anayeutaka ufunguo wangu. Nikaelewa hapo hapo: dawa ni mafuta.

Grisi hakuna. Dukani hakuna, ghalani hakuna. Siku hizi hata sabuni hakuna.

Alhamisi, 5 Februari

Mnadani Karatu. Nimemkuta Nasha, mke wa Saruni, Mmasai tunayeuziana naye mbuzi. Ana kibuyu cha mafuta ya kondoo, mazito, meupe. Nikaomba kununua. Akakataa: hayo ni ya mzazi, kwao mwanamke akijifungua hunyweshwa apate nguvu. Nikasema bahati iliyoje, mke wangu kajifungua jana.

Maneno yalitoka yenyewe. Nasha akapiga vigelegele, akanipa kibuyu kizima bure, akauliza ni mtoto gani. Nikasema wa kiume. Lukresia wangu ana miaka hamsini na minne na wajukuu saba, lakini hilo sikuulizwa.

Jioni nimefungua ngoma, nimepaka. Sikuwa mchoyo. Nimepaka na ya kulia, zisioneane wivu. Gurudumu sasa linazunguka kwa kidole!

Ijumaa, 6 Februari

Mbwa wa kijiji kizima wamelala chini ya trekta, wanalamba. Lukresia ameuliza mbona linanuka mchuzi. Nimemjibu kwamba ufundi haumhusu. Wilibrodi amepita, akanusa, akacheka. Kijicho!

Jumamosi, 7 Februari

Sitaki kuandika. Lakini wataeneza uongo, kwa hiyo naandika.

Tulianza vizuri. Mzee Hhando juu ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, shati jeupe la Jumapili. Kwenye mteremko nikatoa gia kubana dizeli. Nani mwingine huwafikiria wanakijiji namna hiyo? Nikakanyaga breki ya kushoto. Laini! Nikakanyaga ya kulia. Laini zaidi! Hakuna iliyong'ang'ania. Mlango wa ghala ukatupita, mwenyekiti akimwita Mama Maria, mbwa tisa nyuma yetu, mpaka ndani ya lundo la samadi la Wilibrodi.

Hapo tukasimama. Nilimkumbusha Mzee Hhando kwamba tumesimama. Sikio lake lilikuwa na samadi, nadhani hakusikia.

Ufunguo nimevuliwa mbele ya watu wote. Nimelia. Na Wilibrodi kauvaa hapo hapo, bila hata kunawa mikono!

Jumapili, 8 Februari

Baada ya misa, nyimbo uani. Nasha! Na wanawake wanne, kibuyu cha pili, shanga za mtoto. Wametembea tangu alfajiri. Wakamwuliza Lukresia mzazi yuko wapi. Lukresia akauliza mzazi yupi. Wakasema mke wa Patrisi, aliyejifungua mtoto wa kiume.

Lukresia aliweka mwiko chini taratibu. Akaniuliza nimezaa na nani.

Ningefanyaje? Nikasema ukweli: mtoto hakuna, mafuta yako kwenye trekta. Heri ningekubali mtoto. Nasha alisema mafuta ya mzazi si ya kuchezea, na nitampa kondoo jike kwa mikono yangu mwenyewe. Lukresia, mke wangu wa ndoa, ndiye aliyemchagulia! Tena yule mwenye mkia mnene kuliko wote! Kisha wakanywa chai pamoja, wakicheka. Mimi sikupewa hata kikombe.

Jumatatu, 9 Februari

Wilibrodi kafungua ngoma, kafuta mafuta, kapiga msasa. Trekta linasimama. Bahati tu! Anatangaza kwamba kosa langu lilikuwa mafuta. Si kweli. Kosa langu lilikuwa Nasha, anayejua njia ya kwangu.

Sasa nasikia mashine ya kusaga ya kijiji inapiga kelele. Mkanda wake unateleza, unalia kutwa, na mwendeshaji ameshindwa. Mzee Hhando amesema atakayeunyamazisha atakabidhiwa mashine. Mashine ile nayo ina ufunguo!

Mkanda unaolia una kiu ya mafuta, mtoto mdogo anajua. Mnadani huja mama mwingine, Naisula, wa upande wa Endulen. Hanijui, wala kwangu hapajui. Mkanda ni mrefu, kibuyu kimoja hakitatosha.

Nitamwambia ni mapacha.