Mkaguzi wa Ngazi za Ipogolo

Lugano wa Ilomba alikuwa na ulimi ambao kule Mbeya uliwahi kumuuzia dalali mwenzake kiwanja kilicho katikati ya mto. Wafanyabiashara wa mchele wa Chimala walipoanza kumuulizia kwa jina, aliona hewa ya Iringa ingemfaa zaidi. Akashuka Ipogolo na begi moja na njaa.

Kando ya barabara kuu lilisimama jengo la wageni la Mzee Kalinga, vigae vikimetameta, ngazi zimepanda hadi barazani. Chini ya ngazi, kwenye vumbi, dada mmoja aliketi kwenye kitimwendo akitengeneza simu za watu. Mhudumu alimshushia chai, nusu yake ikaishia njiani.

Mtu mwingine angeona chai imemwagika. Lugano aliona hela.

"Kamwene, dada. Wewe hupandi juu?"

"Napandaje?" alijibu yule dada, jina lake Esnath, macho yakiwa kwenye simu. "Niliomba kupanga fremu moja pale barazani. Mzee Kalinga akasema vijana watakuwa wananibeba asubuhi na jioni, kama gunia la vitunguu."

Lugano akachutama, akashusha sauti. Alimweleza kwamba serikali inataka majengo ya watu yafikike na kila mtu; kwamba yeye angekuwa mkaguzi, Esnath mtaalamu wake; kwamba mzee angetishwa kwa faini, naye angetoa kitu kidogo ili yaishe. Nusu kwa nusu.

"Sawa," alisema Esnath.

Alikubali upesi mno. Tapeli makini angejiuliza kwa nini, lakini Lugano alikuwa tayari anatafuta kizibao cha kung'aa cha kuazima kwa waendesha bodaboda.

Kesho yake alipita jengo zima na futi ya kupimia, uso umekunjwa kama wa mtu aliyefiwa. Mzee Kalinga alimfuata nyuma akijifuta jasho. Esnath alikuwa amebebwa hadi barazani kwa ajili ya majaribio, na hakuficha kwamba hakupenda.

"Swichi hii mliwawekea twiga?" aliuliza Lugano.

Esnath akanyoosha mkono, akaishia chini kabisa ya swichi. Kitasa cha mviringo kikamponyoka. Mlango wa choo ukakikataa kitimwendo.

"Mzee, hali ni mbaya," alisema Lugano kwa huzuni ya kitaalamu. "Faini yake siwezi kuitaja mbele ya wahudumu. Twende ofisini tuongee kiutu uzima."

"Mkaguzi," Esnath akadakia kwa upole, "umesahau kumwambia ile nafuu."

"Nafuu gani?"

"Ile ya kwamba mwenye jengo akirekebisha wakati mkaguzi yupo, faini inafutwa. Ila mkaguzi lazima asimamie mwenyewe mpaka kazi iishe. Si ndiyo sheria yenu?"

Lugano alikunja futi yake polepole. Kukana ilikuwa kukiri kwamba hajui sheria za ofisi yake.

"Ndiyo," alisema. "Ipo."

Mzee Kalinga, ambaye saruji ilimuuma kidogo kuliko faini, alichangamka ghafla. Akampa mkaguzi chumba cha bure, akalifungia begi lake ofisini kwa usalama, akamkabidhi koleo, kwa sababu kibarua mmoja hakutokea.

Lugano alichanganya zege mpaka viganja vikatoka malengelenge. Njia ya kwanza ya mteremko ilipokauka, Esnath akaipanda, akateleza kurudi nyuma.

"Huu ni wa kuteremshia magogo ya Mafinga," alisema. "Ukipanda futi moja, uende mbele futi kumi na mbili. Mkaguzi anajua."

"Najua," alisema Lugano, akachukua nyundo kuibomoa.

Njia ya pili ilikaa sawa. Swichi zikashushwa, milango ikapanuliwa, mtaro wa mbele ukafunikwa. Siku kazi ilipoisha Esnath alipanda mwenyewe, taratibu, bila mkono wa mtu. Barazani alisimamisha kiti kidogo, akaitazama barabara kutoka juu kwa raha yake. Kisha akausukuma mlango wa ile fremu, akawasha taa, akapanga bisibisi zake mezani. Mzee Kalinga alikuwa amempangisha kwa masharti mazuri, ili mtaalamu asiende kwa washindani.

Lugano alisimama mlangoni, kizibao kimejaa saruji. Alitaka kukasirika ikashindikana. Alijikuta anaitazama ile njia kama mtu anavyomtazama mwanawe.

"Na nusu yangu?"

"Umekula, umelala, na hakuna aliyeita polisi," alisema Esnath. "Ungependa nusu ipi zaidi?"

Lugano akachukua begi lake ofisini, akashuka. Chini alimkuta Mama Veneranda, mwenye jengo la ng'ambo ya barabara, amemkingia njia kwa adabu zote, koleo jipya mkononi.

"Mkaguzi, shikamoo. Na mimi nina ngazi."

"Marahaba, mama. Nina safari."

Sauti ya Esnath ikashuka kutoka barazani, tamu kabisa.

"Mama, usimwachie. Huyo ni mtu wa sheria. Hawezi kuondoka kazi haijaisha."

Lugano aliangalia barabara ya Mbeya, akawakumbuka watu wa Chimala, akapokea koleo.