Manukato ya Kiwanda cha Gundi

"Hii mmeiona?" Ron, tunayemwita Mdomo, alilitupa gazeti la mtaa mezani, chai ya Edna ikamwagika. "Kile kiwanda cha gundi wamekigeuza maghorofa, wamekibatiza Bustani ya Waridi. Eti mji wetu wa Harcote tangu enzi za mababu ulisifika kwa manukato!"

Mkahawa mzima ulipasuka kicheko. Sisi tuliokulia hapa twayajua manukato hayo: kwato, mifupa na ngozi za ng'ombe vikichemshwa kutwa kucha.

"Manukato?" Edna aliifuta chai kwa kiganja. "Mama alikuwa akianika shuka asubuhi, jioni anazifua upya! Abiria wa basi hata wakisinzia, pua ndiyo iliwaambia wamefika Harcote."

"Siku ya harusi yangu niliingia kanisani nimeoga mara mbili," alisema Kwato, aliyepata jina hilo kwa kuchemsha gundi tangu ujana hadi kiwanda kilipofungwa. "Hata hivyo kasisi akaamuru madirisha yafunguliwe. Januari hiyo, theluji inadondoka!"

"Halafu mafala wananunua!" Mdomo aliipiga meza ngumi. "Ni hao wa London, mbwa wao wanavaa sweta. Nani mwenye akili timamu ataenda kulala pale?"

Mlango ukafunguka. Aliingia Glenys, mke wa Mdomo, mashavu yamewiva kwa baridi na furaha.

"Ron! Wamekubali! Tumepata ile nyumba ya chini pale Bustani ya Waridi!"

Mdomo akakodolea kikombe macho, kama vile kina samaki.

"Ni goti lake," Glenys alitueleza. "Ngazi za nyumbani zimemshinda."

"Hongera, fala," alisema Edna.

Tulicheka hadi machozi. Kwato peke yake hakucheka.

"Ya chini, upande wa mfereji?"

"Ndiyo, hukohuko," alijibu Glenys.

"Hapo ndipo lilipokuwa pipa kubwa la kuchemshia gundi. Ndimo alimotumbukia mdogo wangu, Clifford. Tulimzika Jumanne. Jumatano wakawasha moto, kazi ikaendelea."

Glenys alivuta kiti, akaketi polepole. Mdomo alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Sikujua kama ni pale, ndugu yangu."

"Gazeti nalo halijui," alisema Kwato.

"Basi sikiliza. Jina la Clifford litakaa juu ya mlango wangu. Wapende wasipende. Nitalibandika mwenyewe."

Kwato alimshika bega.

"Pigilia misumari, Ron. Gundi yetu ile ilikuwa haishiki kitu."