Maiti Msafi Kuliko Mimi

Leo nimeaibika mbele ya maiti. Wasee, si matangani. Si mochari. Ni trip ya bayolojia!

Mwalimu wetu, Bwana Gichuhi, alituombea nafasi sisi wa Form Three tukaone mwili unaotumiwa kufundishia madaktari, chuo kimoja upande wa Ruiru. Wiki nzima kazi yangu shuleni hapa Thika ilikuwa moja: kutisha watu. Niliwaambia maiti akikupumulia tu, umekwisha. (Nani amewahi kuona maiti akipumua? Hakuna aliyeuliza. Hao ndio wanasayansi wa kesho.) Halafu nikatangaza sheria: wa kwanza kutoka mle ndani atapiga deki darasa mpaka tufunge shule. Wote wakakubali. Nilikuwa nimeshamchagua Wekesa, jamaa wa Bungoma ninayekaa naye dawati moja. Huyo huogopa hata kuku akichinjwa.

Leo asubuhi nikaamka mashavu yanauma, yamefura kidogo. Nikasema ni jino. Nikajifunga skafu ya mathe, nikaenda. Ati nibaki nyumbani Wekesa aponee? Haiwezekani!

Tulipofika tukapewa makoti meupe na glavu. Skafu ikabaki nje. Harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, manze! Inaingia puani, inatokea machoni. Wekesa machozi yalimtiririka kama amefiwa. Nikajua deki imepata mwenyewe.

Daktari Nyambura, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, akatupanga tukazunguka meza. Maiti wetu, mzee mmoja, alikuwa amelala, amefunikwa shuka. Daktari akatuambia mzee huyo aliamua mwenyewe, akiwa hai, kwamba akifa mwili wake ufundishe wanafunzi.

"Kwa hivyo huyu ni mwalimu wenu leo. Heshima."

Hata mimi nilisimama wima kama niko gwaride. (Si kwa muda mrefu, lakini kwangu ni rekodi.)

Wekesa akainua mkono. "Daktari, hawezi kutuambukiza?"

"Alipimwa damu kabla hatujampokea. Na hii dawa aliyotiwa huua karibu vijidudu vyote. Lakini kuna vingine sugu, ndiyo maana mmevaa glavu, na hakuna kula humu, na mwenye kidonda anakifunika. Na kama kuna mgonjwa kati yenu, aniambie."

Nikatazama dari.

"Wewe kijana! Nimesema hakuna kula humu. Tema hayo mandazi."

"Sina mandazi, daktari."

"Tema!"

"Haki ya nani, sina!"

"Fungua mdomo."

Nikajaribu. Ukafunguka kiasi cha kupitisha njugu moja. Daktari akaja, akanibonyeza chini ya sikio. Ngai! Nilipiga nduru mpaka Wanjiku, aliyekuwa amejificha nyuma ya kabati tangu tuingie, akadhani mzee ameamka.

"Haya si mandazi," daktari akasema. "Haya ni matubwitubwi."

Wasee, darasa zima liliruka. Na mnajua liliruka kwenda wapi? Kwa maiti! Walijazana upande wake kama vifaranga wameona mwewe. Hata Wanjiku alitoka nyuma ya kabati, akasimama bega kwa bega na mzee.

"Mimi nakaa hapa," Wekesa akasema, machozi yote yamekauka. "Huyu amepimwa!"

"Kai, na jana tumekula muwa mmoja na yeye!" mwingine akalia.

"Kwetu huyu angebebeshwa kuni kichwani azungushwe mti mpaka ugonjwa uhamie mtini!" Wekesa akaongeza. Leo ulimi wake ulikuwa umefunguliwa.

Nikamwangalia Bwana Gichuhi anitetee. Naye alikuwa amejibanza nyuma ya miguu ya mzee. (Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuugua matubwitubwi utotoni. Pole yake.)

Daktari akanionyesha mlango. "Humu ndani, kijana, anayeambukiza ni wewe peke yako."

Nikatoka. Wa kwanza. Nyuma yangu nikasikia, "Deki! Deki! Deki!" mpaka daktari akawakumbusha kuna mwalimu amelala.

Sasa niko nyumbani Kiganjo, hapa hapa Thika, kichwa kama boga, mathe ananilisha uji kwa kijiko. Wekesa ameshanitumia salamu kwamba ndoo yangu iko tayari. Basi chekeni, siwezi kuwakataza. Lakini mkija kuniona simameni dirishani, na tafadhali msinichekeshe. Nikicheka taya inauma, na mimi mwenyewe nimeshaanza kuona jinsi ilivyochekesha.